Miaka Yangu ya Kuipigia Drams Bendi ya Nkuba

Wajukuu zangu, anayetaka kuniuliza kitu akae upande wangu wa kulia. Sikio la kushoto lilistaafu kabla yangu. Upande ule ndiko lilikokuwa likisimama spika la gitaa la Rolfu, kubwa kama kabati la nguo, na Rolfu hakujua maana ya kupunguza sauti. Mkiongea nami kwa kushoto nitaitikia marahaba hata kama hamkunisalimia.

Mmekuja hapa Keza kwa sababu mnataka kuanzisha kikundi cha muziki, na mmesikia kuna bibi aliyewahi kupiga drams na Wajerumani miaka ya wakimbizi. Ni kweli, ni mimi Leokadia. Msitegemee hadithi ya kupambwa. Nimechoka, na uchovu wa mpiga ngoma hauondoki kwa kulala. Nitawaeleza yanavyonijia.

Miaka ile Ngara ilijaa watu kuliko miti. Wakimbizi walivuka mpaka kwa makundi, na nyuma yao wakaja wazungu wa kila aina kuwahudumia. Mimi nilipata kazi ya kutunza stoo kwenye mradi wa Wajerumani waliokuwa wakichimba visima na kuvuta maji kambini. Nilipanga mabomba, koki na mipira ya kuzuia maji yasivuje. Wanne kati ya hao Wajerumani walitoka mji mmoja mdogo kwao, na walikuwa na bendi tangu ujana. Walikuja na magitaa, drams na yale maspika ndani ya kontena la mabomba, wakawa wanafanya mazoezi kwenye banda la stoo yangu kila wakitoka kazini.

Rolfu alikuwa mkuu wa mabomba, na ndiye aliyepiga gitaa la solo. Uve alikuwa fundi wa gereji, na mwimbaji. Klausi alipiga gitaa la besi na hakusema neno. Nilikaa nao muda mrefu kabla ya kuijua sauti yake. Wa nne ni Matisi, mpiga drams. Walipiga roki nzito, lakini ya zamani. Kwao kwenyewe ilikuwa imekwisha kupitwa na wakati. Rolfu aliniambia muziki ule aliusikia kwa kaka yake mkubwa akiwa mtoto, kisha ukaja muziki wa mashine, naye akaapa kuufufua ule wa kaka yake kama ulivyokuwa. Ndiyo maana walifuga nywele hadi mabegani na kuvaa suruali zilizopanuka chini kama kengele. Bendi waliipa jina la Kijerumani lenye maana ya radi ya jana. Watu wa hapa waliposikia sauti yake mara ya kwanza hawakuhitaji kutafsiriwa. Waliiita Nkuba, yaani radi tu, ya jana au ya leo.

Matisi alishikwa na malaria iliyopanda kichwani, akarudishwa kwao. Bendi ilikuwa imeahidi kupiga Biharamulo, kwenye ukumbi mmoja, wiki iliyofuata. Uve akaja stoo.

"Leokadia, nasikia wewe hupiga ngoma kanisani."

"Napiga."

"Unaweza kupiga kwa nguvu?"

"Kwa nguvu ya nani?"

Alicheka mpaka akashika bomba asianguke. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Kanisani nilianza ngoma nikiwa msichana, na hata huko kulikuwa na maneno, maana wanawake walipewa kayamba. Sasa fikirini drams, mtu anakaa katikati ya vyombo, miguu imetengana, mbele ya umati. Baba mdogo Pastori alipopata habari alikuja nyumbani akamkuta mama anamenya ndizi.

"Mwanao anakaa amepanua miguu mbele za wanaume!"

Mama hakuinua macho. "Reokadia ameshona suruari," akasema. Mama hakuwahi kuitamka L vizuri. "Akiendesha baiskeri anakaaje? Mbona hapo husemi?"

Baba mdogo alisubiri ndizi ziive, akala, akaondoka. Lakini hakunisalimia kwa muda mrefu, na msidhani hilo halikuniuma. Alikuwa ndiye baba niliyebaki naye.

Biharamulo ile siwezi kuisahau. Watu walikuja wamevaa vizuri, kila mtu na mwenzake, wakitegemea rumba. Rolfu akahesabu, "Ains, tsvai, drai, fia!" tukaanza. Wachezaji walisimama katikati ya ukumbi wameshikana mikono, hawajui mguu upi utangulie. Uve akafika pale anapopiga kelele ya juu, macho yamefumbwa, mishipa ya shingo imetoka. Mama mmoja mtu mzima akapanda jukwaani na kikombe cha maji na kumpigapiga mgongoni.

"Pole baba. Tumbo hilo. Kunywa taratibu."

Uve akanywa. Angefanyaje? Yule mama akatugeukia sisi wengine kwa hasira: "Na nyie mnaona mwenzenu anateseka, mnaendelea kupiga tu!"

Somo la kwanza basi ni hilo. Mnayemkuta ukumbini hakuja na masikio matupu, ana muziki wake kichwani tayari. Nilipoona watu wanaanza kutoka, mikono yangu ikafanya kitu bila kuniuliza. Ndani ya ule mdundo wa Rolfu, ulionyooka kama barabara ya lami, nikaingiza mdundo wa harusi za kwetu, ule wenye kuyumba, unaomfanya hata bibi kizee atikise mabega. Watu wakarudi, na yule mama wa maji akawa wa kwanza kucheza. Uve aligeuka kunitazama akiwa ameachama. Rolfu pia alitazama, ila yeye hakufurahi.

Njiani kurudi aliniambia, kwa Kiswahili chake cha kuvunjika, "Leokadia, muziki hii ina sheria. Sisi tunapiga kama zamani. Hatuongezi."

"Na huo wangu ni wa zamani pia," nikamjibu. "Ni wa zamani kuliko wako."

Ugomvi huo ulianzia hapo na haukwisha siku zote tulizokuwa pamoja. Rolfu alitaka roki ibaki kama alivyoikuta kwa kaka yake. Uve alitaka ikue. Klausi alibadilisha nyuzi zake.

Mkiacha ugomvi, nilijifunza kazi. Vijiti vya Ulaya vilikatika upesi, na dukani Ngara huvipati. Nilijaribu mti huu na ule, nikaishia kwenye mbuni. Kata tawi lililonyooka la mkahawa mzee, likauke kivulini, si juani, likikauka juani linapasuka. Linaumiza kiganja kidogo lakini halikuangushi. Kanyagio la ngoma kubwa mkanda wake ukikatika, mpira wa ndani wa baiskeli unatosha kabisa. Vumbi la kiangazi huingia kwenye ngoma ndogo, ile yenye waya chini, ikawa inakohoa. Ifute kwa kitambaa kikavu. Na usipige kwa bega. Mimi nilipiga kwa bega mwaka mzima kwa kuwa nilitaka wajue mwanamke ana nguvu. Nguvu ya ngoma iko kwenye kifundo cha mkono na kwenye kuvuta pumzi. Bega ni la kubebea kuni.

Siku niliyochoka kuliko zote haikuwa siku ya kupiga sana. Ilikuwa siku ya kambini.

Mradi ulikuwa umemaliza kuvuta maji kwenye sehemu mpya ya kambi, na Rolfu akaona ni vizuri bendi ipige siku ya kufungua mabomba. Tulipanga vyombo juu ya lori, jenereta nyuma, maspika yakiwatazama watu. Walikuja wengi, wanawake na ndoo zao, watoto mbele kabisa. Tukaanza kama kawaida yetu, sauti yote, ngoma kubwa na gitaa kwa pamoja.

Watu walianguka chini.

Sisemi walikaa. Walianguka, kama majani yanavyolazwa na upepo. Ndoo zikaruka. Wengine wakakimbilia kwenye mahema yao. Mbele yangu, pale pale chini ya lori, mwanamke mmoja alikuwa amemlalia mtoto wake, amemfunika mwili mzima, kichwa amekificha mchangani. Nikaacha kupiga. Rolfu aliendelea peke yake, maana alipopiga gitaa alifumba macho. Aliposikia ngoma haipo akageuka kwa hasira.

"Kwa nini umesimama?"

"Fumbua macho, Rolfu."

Akatazama. Sijapata kuona uso wa mtu ukianguka vile. Akazima spika kwa mkono wake, na jenereta ikabaki inanguruma peke yake mpaka Klausi alipoirukia na kuizima nayo.

Yule mwanamke akainuka. Akamkung'uta mtoto vumbi, akatutazama. Alisema kwa lugha yao, na sisi Wahangaza lugha yao na yetu ni ndugu, kwa hiyo nilimwelewa neno kwa neno. Alisema, "Hata huku mmetuletea vita?"

Hakupiga kelele. Angepiga kelele ningelala usiku ule.

Rolfu aliingia ndani ya lori, akakaa na kichwa mikononi. Siku iliyofuata alitangaza kwamba bendi imekufa. Akavirudisha vyombo kwenye kontena, akaweka kufuli, ufunguo akauning'iniza shingoni kama rozari. Uve alilia kama mtu aliyefiwa. Mimi nilirudi kupanga mabomba, lakini lile swali la yule mama lilikuwa linanifuata kila nilipogeuka. Nikaona siwezi kukaa nalo. Nikamwendea Rolfu nikamwomba ngoma kubwa tu.

"Ya nini?"

"Niwaonyeshe watu ni kitu gani kiliwaangusha."

Akavua ule ufunguo.

Nilipanda lori la mabomba asubuhi, nikashuka na ngoma yangu penye foleni ya maji. Nikaiweka chini, nikakaa pembeni bila kuipiga. Wanawake wakaipita mbali. Mwishowe yule mama akaja, mtoto mgongoni. Aliitwa Speransiya, nyumbani kwao alikuwa akifuma mikeka.

"Ndiyo hii?" akauliza.

"Ndiyo hii, mama. Ngozi na mbao. Ndani hamna kitu. Ichungulie."

Akachungulia tundu la mbele. Akaigusa kwa kidole. Akaipiga kwa kiganja, polepole, halafu tena. Wenzake kwenye foleni wakanyoosha shingo.

"Mume wangu," akasema, "popote alipo, hukoroma hivi hivi."

Foleni nzima ikaangua kicheko. Kila mmoja akataka kuipiga. Mmoja akasema yake ni sauti ya mkwewe akidai chakula. Niliondoka mchana ngoma imejaa alama za viganja vyenye maji, na Speransiya akaniambia, "Mwambie huyo mwenye nywele aje. Ila atuanzie chinichini, kama mtu anayebisha hodi."

Nilipoleta ujumbe huo, Rolfu alikataa. "Roki haianzi chinichini. Hiyo si roki."

Hapo ndipo nilipoisikia sauti ya Klausi. Alikuwa anafunga uzi wa gitaa, na hakuuacha. "Leo itaanza," akasema.

Tukarudi. Mchana kweupe, vyombo chini na si juu ya lori. Kabla ya kuanza tuliwaacha watu waviguse, watoto wakavuta kila waya. Tukaanza bila umeme, mimi nikipiga kwa viganja, ule mdundo wa harusi, Klausi akinifuata, Uve akiimba kama anambembeleza mtoto. Tulipowasha umeme tuliwaambia kwanza, na tukapandisha sauti kidogo kidogo. Wakati Rolfu alipofikia sauti yake yote, watu walikuwa wamekwisha kuipokea. Walicheza. Speransiya alicheza kwa mikono tu, kwa namna yao, ameinyoosha kama pembe za ng'ombe, na uso wake hauonyeshi lolote. Sijui alikuwa anafikiri nini. Sikumuuliza.

Wimbo ule ukawa ndio wimbo wa Nkuba. Tukaitwa kila mahali: kambi nyingine, Nyantakara, Nyarubungo, Biharamulo tena. Kila tulikofika niliwaonyesha watu ngoma kwanza. Rolfu aliupiga kila ulipoombwa, na kila tukimaliza aliniambia, "Wimbo mzuri, lakini si wa bendi yetu." Nami nilikuwa nimekwisha kuchoka kumjibu. Mchana nilikuwa stoo, Jumapili nimepakatishwa ngoma kwenye lori, mgongo unauma, vumbi mpaka kwenye meno. Watu huwaonea wanamuziki wivu kwa ile saa moja wanayowaona. Hawaioni safari.

Kisha ukafika wakati wa watu kurudishwa kwao. Tulikuwa tumeahidi kupiga kambini Jumapili ile. Tulipofika barabara kuu hatukuweza kupita. Watu walijaa barabara nzima, wanatembea, magodoro kichwani, watoto wamefungwa migongoni. Hapakuwa na anayezungumza. Tulisubiri juu ya lori mpaka tukachoka kusimama. Nilitazama kila uso wa mwanamke uliopita. Speransiya sikumwona, na sikumwona tena maishani. Uve alitaka tupige chochote wakiwa wanapita, walau tuwape moyo. Ni Rolfu aliyesema hapana. "Waache wasikie miguu yao," akasema. Siku hiyo nilimheshimu.

Kambi zile zilipovunjwa, mradi nao ukafungwa. Uve alitaka niende nao. Alisema kwao watatoa santuri, watazunguka miji, nami nitakaa kwenye ngoma. Rolfu alisema Matisi amepona na anakingojea kiti chake. Bendi ilianza na Matisi. Wakagombana gereji mpaka spana zikaruka. Niliingia katikati.

"Uve, acha," nikamwambia. "Bendi ni ya watu walioianzisha. Na mama yangu haoni tena vizuri. Nani atamshika mkono kwenda kisimani?"

Nilisema vile, na ilikuwa kweli. Lakini nilitamani kwenda. Msije mkadanganywa na mzee anayesema hakutamani.

Asubuhi ya kuondoka Rolfu aliniachia drams zote. Alizikaza ngozi mwenyewe, moja baada ya nyingine, akizisikiliza kwa sikio karibu. "Zipige kwa sheria," akasema.

"Zitapigwa," nikamjibu. Tukapeana mikono, akaenda.

Baada ya hapo nilipiga kwenye bendi za harusi na sherehe, Ngara na Biharamulo, mpaka nywele zikabadilika. Baba mdogo Pastori alinisamehe siku nilipopiga harusi ya bintiye, alikuja nyuma ya jukwaa na kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi, akasema, "Kunywa, umetokwa jasho." Kwa mtu kama yeye, hayo yalikuwa maneno mengi.

Miaka mingi baadaye Uve alikuja kunitembelea. Kichwa chake hakikuwa na unywele hata mmoja, na sauti ilikuwa imebaki ya kukwaruza, kama mlango wenye kutu. Tulikula ndizi na maharage, akanieleza mambo ya Nkuba huko kwao. Walitoa santuri. Kwa muda mfupi walipata jina, vijana wa siku hizi wakipenda mambo ya zamani, wakija na suruali za baba zao. Walipiga kwenye vilabu vya pombe na maonyesho ya magari ya kale. Wimbo wa kambini waliupiga pia.

"Matisi aliupiga sawasawa," akasema. "Kila pigo mahali pake. Lakini watu hawakuinuka. Rolfu mpaka leo anasema kosa ni la spika."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, kisha nikaona na yeye ana machozi, ila yake hayakuwa ya kicheko. Bendi ilikufa polepole, hakuna aliyetangaza. Klausi sasa anaendesha basi. Rolfu bega lilikataa, hawezi kulishika gitaa kwa muda mrefu. "Tulizeeka ndani ya muziki ambao tayari ulikuwa mzee," Uve akasema. Halafu akalala kitini, na kijiko mkononi. Nikakichukua taratibu nisimwamshe.

Mmeniuliza niliachaje kazi. Hapakuwa na sherehe. Ilikuwa harusi huko Nyarubungo, mchana. Nilifika mapema, nikaanza kupanga ngoma kama kawaida. Nikiwa bado nafunga matoazi, kijana mmoja akafungua kompyuta yake kwenye meza ndogo, na muziki ukajaa uwanja wote, ngoma, besi, kila kitu. Watu wakaanza kucheza. Mama wa bibi harusi akanijia na sahani ya wali na nyama.

"Mama, wewe pumzika," akasema. "Huyu kijana atatusogeza kidogo, kisha tutakuita."

Aliongea kwa heshima, na najua alikuwa na nia ya kuniita. Nikakaa kwenye kiti changu cha ngoma nikala. Nyama ilikuwa laini, na ya moto. Mbele yangu watu walicheza vizuri tu. Nikautazama mguu wangu wa kulia juu ya kanyagio. Tangu nikiwa stoo, hakuna muziki uliowahi kupigwa mahali nilipo mguu ule usiufuate, hata kanisani, hata msibani, na mara nyingi mama alinifinya. Siku hiyo ulikaa kimya. Nilisubiri, nikaona labda utaamka wimbo ukibadilika. Wimbo ukabadilika. Haukuamka.

Nikamaliza wali, nikanawa mikono, nikaanza kufungua matoazi.